Kukodi Kreni Malindi: Tani Zilizoandikwa Ubavuni na Tani Unazozipata

Mtu anayejenga hapa Malindi akifikia hatua ya kuhitaji kreni, aghalabu hupiga simu Mombasa na kuuliza mambo mawili tu: ipo ya tani ngapi, na kwa siku ni shilingi ngapi. Mwenye mashine huyajibu yote mawili kwa ufupi, miadi ikawekwa, na alfajiri ya siku iliyopangwa kreni ikaanza safari ya kilomita 120 hivi kuja huku. Katika mazungumzo hayo ya dakika chache mteja huwa amekwisha kufanya uamuzi wa kihandisi bila kujua kwamba ameufanya, kwa kuwa amechagua mashine, na kwa mikataba mingi ilivyoandikwa, aliyechagua ndiye anayelipa ikiwa mashine haikufaa. Naandika haya nikiwa msimamizi wa ujenzi ambaye aliwahi kuikosea hesabu hiyo, kwa hiyo kosa langu ndilo nitakalolitumia kama mfano.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Nyumba ya wageni iliyo mtaa wa nyuma ya barabara ya Casuarina ilihitaji jenereta yenye uzito wa tani 3.2 ipelekwe katika ua wa nyuma. Mlango wa pembeni ulikuwa mwembamba, na jirani hakukubali ukuta wake ubomolewe hata kwa siku moja. Njia iliyobaki ilikuwa kuisimamisha kreni barabarani, mbele ya nyumba, na kuipitisha jenereta juu ya paa. Nilipima kutoka ukuta wa mbele hadi katikati ya ua nikapata mita 11, nikalitazama jedwali la uwezo la kreni ya tani 25, nikaona kwamba kwa umbali huo inanyanyua zaidi ya tani 4, nikaridhika. Kreni ilipofika na kuitandaza miguu yake, opereta alishuka, akaomba futi kamba, akapima kutoka katikati ya mashine yake na si kutoka ukutani. Ikawa mita 16. Akaniuliza, kwa adabu kubwa, ni nani aliyeiagiza.

Tani 25 zilizoandikwa ubavuni mwa kreni si ahadi ya kunyanyua tani 25 popote mkono wake unapofika. Ni kipimo cha juu kabisa, kinachopatikana mkono ukiwa mfupi na mzigo ukiwa karibu, kwa kawaida mita 3 hivi kutoka kitovu cha mzunguko, yaani ule mhimili ambao sehemu ya juu ya mashine huuzunguka. Uzito peke yake hauiangushi kreni. Kinachoiangusha ni uzito uliozidishwa kwa umbali. Mchukuzi wa maji aliyewahi kubeba mzega anaijua habari hii begani mwake, kwa sababu debe moja likisogezwa mbele kidogo kwenye mti, mti wote hulalia upande huo ingawa maji hayakuongezeka hata kikombe. Tani 25 kwa mita 3 ni 75. Ukizigawa hizo 75 kwa mita 16 unapata tani 4.7, na hapo mtu angeweza kudhani kwamba tani 3.2 bado zimo ndani ya uwezo. Lakini mkono wa kreni nao ni chuma cha tani kadhaa, na kadiri unavyorefushwa na kulazwa ndivyo unavyojigeuza kuwa mzigo kabla ya kulabu kushika kitu chochote. Juu ya hayo mtengenezaji huacha akiba ya usalama. Jedwali la kreni ile, kwa mita 16, lilisema tani 2.6, na katika hizo zilipaswa kutolewa kulabu yenyewe, silingi (kamba au mikanda ya kufungia mzigo) na shakeli (pingu za chuma za kuziunganishia), ambavyo kwa pamoja havikosi kilo mia kadhaa.

Mita 5 zilizonipotea hazikuwa za kubahatisha. Kreni ya lori haiwezi kuegemezwa ukutani, kwa maana miguu yake inahitaji kutandazwa pande zote mbili, na kitovu cha mzunguko hubaki katikati ya upana huo. Kwa mashine ya ukubwa ule upana wa miguu ni mita 6 hivi, kwa hiyo hata ukiisogeza karibu kabisa na jengo, kitovu kitakuwa mita 3 na zaidi kutoka ukutani, na ukiongeza mtaro wa maji na nafasi ya sehemu ya nyuma kuzunguka bila kukwangua ukuta, unafika mita 5 upesi. Tangu siku ile huwa naweka alama ya rangi ardhini mahali kitovu kitakapokaa, ndipo naanza kupima kutoka hapo.

Umbali haukuwa taabu pekee. Ukingo wa paa la nyumba, upande wa barabara, ulikuwa mita 8 kutoka ardhini. Mkono wa kreni huanzia takriban mita 2 juu ya ardhi, na ili upite juu ya ukingo ule bila kuugusa ulihitaji kuwa walau mita 9 juu pale kwenye mita ya 5, yaani uinuke mita 7 kwa kila mita 5 za kwenda mbele. Ukiuendeleza mwinuko huo hadi mita 16, ncha ya mkono hufika mita 22 na ushei juu ya mahali ulipoanzia, na urefu wa mkono huwa kama mita 27 na nusu. Angalia kwamba jenereta yenyewe haikuhitaji kupanda zaidi ya mita kumi na kitu. Kilichoamua urefu wa mkono ni ukingo wa paa, kitu ambacho katika simu yangu sikukitaja kabisa. Ndiyo sababu wenye kreni walio makini huomba picha ya jengo, na mchoro wa ubavuni hata kama umechorwa kwa kalamu ya risasi, kabla hawajataja bei.

Uzito nao una hila zake. Zege lenye nondo huchukuliwa kuwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, chuma ni tani 7.85, na maji ni tani 1, kwa hiyo tangi la lita 10,000 ambalo vijana wawili wanalisukuma likiwa tupu huwa tani 10 likijaa, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kufungua bomba lake. Mashine zina kibandiko cha uzito, lakini aghalabu kibandiko husema uzito wa mashine ikiwa kavu, bila mafuta wala maji. Kisha kuna pembe ya silingi. Mzigo ukishikwa kwa silingi mbili, kila moja hubeba nusu ya uzito ikiwa zote zimesimama wima. Zikilazwa hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila moja hubeba asilimia 58 hivi. Zikifika nyuzi 45 ni asilimia 71. Na zikifika nyuzi 30, kila silingi hubeba uzito mzima kana kwamba mwenzake hayupo. Ninapoona vijana wamefunga silingi fupi kwa sababu ndizo zilizokuwapo, nasimamisha kazi, na sijali ni nani atakayenuna.

Sasa ardhi, jambo linalodharauliwa kuliko yote katika mji wetu. Kreni ya lori ya tani 25 yenyewe ina uzito wa takriban tani 30, na inapofanya kazi matairi huinuliwa, uzito wote ukakaa juu ya miguu minne. Uzito huo haugawanyiki sawa. Mkono ukielekea pembe moja, mguu wa pembe hiyo hubeba sehemu kubwa, na si ajabu ukabeba zaidi ya nusu ya uzito wa mashine na mzigo kwa pamoja. Tuchukue kwamba mguu mmoja umebeba tani 20. Sahani iliyo chini ya mguu, ikiwa na kipenyo cha sentimita 50, ina eneo la chini ya robo ya mita ya mraba, kwa hiyo shinikizo linalofika ardhini ni kama tani 100 kwa mita ya mraba. Mchanga uliolegea, kama ule wa viwanja vilivyo karibu na ufuo, hauwezi kubeba hata tano moja ya hizo kwa usalama. Ukiweka chini ya sahani jukwaa la mbao nzito au chuma la mita 1.2 kwa 1.2, shinikizo hushuka hadi tani 14 hivi kwa mita ya mraba, na jambo lisilowezekana likawezekana. Tofauti kati ya kreni iliyosimama na kreni iliyolala ubavu huwa ni mbao hizo nne, na ajabu ni kwamba mara nyingi hazimo katika bei, wala hakuna aliyeuliza nani atazileta.

Mbao hazitoshi ikiwa chini yake ni tupu. Sehemu kubwa ya ardhi ya hapa ni mwamba wa matumbawe, na mwamba huo hutobolewa na maji ya mvua kwa miaka mingi hadi ukawa na mapango madogo. Juu yake tumechimba visima, vyoo vya shimo na makaro, tukavifunika kwa zege jembamba, tukasahau. Kreni ile ya tani 25 ilipokuwa ikijipanga, mzee wa nyumba ya jirani alikuwa ameketi barazani kwake akitutazama tangu asubuhi. Nilimwendea nikamsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akauliza kwa upole kwa nini tumeliwekea gari zito lile shimo la choo cha marehemu babake. Tulichukua mtaimbo tukapiga ardhi kuanzia ukutani kuja barabarani. Mlio ulikuwa mzito, mzito, kisha ghafla ukawa kama wa ngoma, hatua mbili tu kutoka mahali mguu wa kushoto ulipotaka kushushwa. Tuliisogeza kreni mita 2 na kuanza hesabu ya umbali upya. Ramani ya kiwanja haikuonyesha shimo lolote.

Kuhusu upepo nitasema machache, kwani watu wa pwani hawahitaji kufundishwa upepo. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kunyanyua mahali fulani kati ya mita 9 na 14 kwa sekunde, na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya mzigo huwa mara nne. Jenereta haitikisiki kirahisi, lakini mabati, vioo na fremu za paa hugeuka kuwa tanga. Miezi ya kusi, hasa katikati ya mwaka, saa nzuri ni zile za asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, na ni heri kumlipa opereta alale Malindi kuliko kumngoja atoke Mombasa afike saa tano. Nyaya za umeme ni habari nyingine ya kumaliza mapema: kipimo kinachofuatwa na wengi ni kutokaribia chini ya mita 3 kwa nyaya za hadi kilovolti 50, na ikiwa mkono wa kreni hauwezi kuepuka, Kenya Power waombwe kwa maandishi wazime laini, tena siku kadhaa kabla.

Tukija kwenye mkataba, ndipo penye fundo lenyewe. Kukodi kreni ni jina moja la makubaliano matatu tofauti. Unaweza kuchukua mashine tupu, ukatafuta opereta mwenyewe, na hilo ni nadra huku, wala simshauri mtu asiye na karakana yake. Unaweza kuchukua mashine pamoja na opereta wake, na hili ndilo linalofanyika kila siku, ndilo nililolifanya mimi. Au unaweza kununua kazi nzima ya kunyanyua, ambapo mwenye kreni huja kupima, huchagua mashine, huandika mpango, huleta wafungaji wa mzigo na mpiga ishara, na kuweka bima ya kazi hiyo. Njia ya pili na ya tatu zinafanana sana machoni. Katika zote mbili kuna kreni, opereta na mzigo unaopanda. Tofauti imo katika karatasi. Katika njia ya pili, karatasi nyingi husema kwamba mteja ndiye aliyechagua mashine, ndiye anayethibitisha ardhi, na kwamba opereta, wakati wa kunyanyua, yuko chini ya maelekezo ya mteja. Maana yake ni kwamba opereta aliyeletwa na mtu mwingine, anayelipwa na mtu mwingine, akikosea akiwa katika kiwanja chako, huenda kosa likahesabiwa lako. Mimi nilitia saini karatasi ya namna hiyo nikiwa nimesimama, karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari.

Kwa hiyo kreni ya tani 25 iliporudi Mombasa bila kunyanyua chochote, mwenye nyumba alilipa siku nzima na usafiri wa kwenda na kurudi, na mwenye kreni hakuwa na kosa hata chembe. Aliombwa mashine ya tani 25, akaleta ya tani 25. Kama tungeagiza kazi ya kunyanyua badala ya kuagiza mashine, bei ya kwanza ingekuwa kubwa zaidi, lakini hasara ya kipimo kibaya ingekuwa yake. Kwa mzigo mwepesi ulio karibu, mahali ambapo kila kitu kinaonekana, njia ya pili inatosha na ni rahisi. Mzigo ukipita juu ya nyumba ya watu, ukienda mahali ambapo opereta hapaoni, au ukikaribia mwisho wa uwezo wa mashine, naona ni ubahili usio na faida kukwepa njia ya tatu.

Njia yoyote utakayoichukua, zipo karatasi za kuombwa kabla mashine haijaanza safari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine za kunyanyulia na vifaa vyake, silingi na shakeli zikiwamo, zikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa, na uwezo salama uonekane wazi. Omba cheti cha ukaguzi, utazame tarehe, kisha ulinganishe namba ya mashine iliyo kwenye cheti na ile iliyopigwa kwenye chuma, kwa sababu cheti kizuri cha kreni nyingine hakikusaidii. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, basi ulizia ni nani mwajiri wa wale vijana watakaofunga silingi. Tena usichukulie kwamba bima ya gari la barabarani inagusa mzigo unaoning'inia. Mara nyingi haiugusi, na jenereta ya mamilioni ikidondoka itakuwa imedondoka juu ya mfuko wako.

Bei nayo ina sehemu ambazo hazisemwi kwenye simu. Uliza saa zinaanza kuhesabiwa wapi, mashine inapotoka karakana au inapofika. Ni saa ngapi za chini kabisa zinazolipwa hata kazi ikiisha mapema. Dizeli, malazi ya opereta na muda wa kungoja ni juu ya nani. Na ikiwa kiasi ulichotajiwa kina VAT ya asilimia 16 ndani yake. Kwa sisi wa Malindi usafiri ndio unaouma. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu na si bei ya soko, kwamba siku ni shilingi 50,000 na usafiri wa kuja na kurudi ni 60,000. Siku moja itakugharimu 110,000, nayo ikiongezwa VAT inafika 127,600, lakini siku tatu mfululizo kabla ya kodi ni 210,000, sawa na 70,000 kwa siku. Hivyo ni busara kuzikusanya kazi za kunyanyua, jenereta, tangi na vyuma vya paa, zikafanyika kwa safari moja, au kupatana na jirani anayejenga. Mashine kubwa zaidi huongeza gharama nyingine ya barabara: Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2013 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na kinachozidi vipimo huhitaji kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya.

Wakati mwingine jibu ni kutokodi kabisa. Ndugu zetu wa Lamu mjini, mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, hawana hata swali hili. Kutoka Mokowe kila kitu huvuka kwa chombo, kisha huingia vichochoroni ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi nyuma. Huko mzigo mzito hupandishwa kwa nguzo tatu zilizofungwa pamoja juu na cheni bloki (kapi la mnyororo linalovutwa kwa mkono) katikati, na fundi aliyekulia chomboni haoni ugeni wowote, kwani foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, hupandishwa kwa gofia na jarari, yaani kapi na kamba yake, kwa kanuni ileile ya kugawa uzito juu ya kamba nyingi. Hata jenereta yetu, kama mlango wa pembeni ungekuwa mpana kwa sentimita 40 zaidi, ingeingia kwa mabomba ya kuviringishia na cheni bloki, kwa gharama ya chakula cha mchana cha watu wanane.

Haikuwa hivyo, na wiki mbili baadaye ilikuja kreni ya tani 50, safari hii kwa njia ya tatu. Mpangaji wao alikuwa amekuja peke yake siku mbili kabla, akapima, akapiga picha ukingo wa paa, akasikiliza habari ya shimo la choo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jenereta ilikuwa angani. Opereta hakuuona ua hata kidogo; alikuwa akifuata sauti ya mpiga ishara aliyesimama juu ya paa akiwa na redio, "shusha, shusha pole, simama," hadi silingi zikalegea. Nilipanda kwenye ngazi ya mashine kutazama kioo cha mizani, ambacho kwa hesabu yangu kilipaswa kusoma tani 3.2 baada ya kulabu na silingi kutolewa. Kilikuwa kimesoma tani 3.5. Fundi wa umeme, akitaka jenereta iwe tayari kuwashwa, alikuwa amemimina ndani yake lita 400 za dizeli jioni iliyotangulia.